Kuka Ndiye Mwenye Sukari, Kukhu Ndiye Anayeombewa

Mpendwa Bi Mutheu,

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu darasa la sita, mwanzoni kwenye magazeti ya kufungia nyama, kwa hivyo mara nyingi nilijua tatizo la mtu bila kujua ulimjibu nini, maana jibu lilibaki kwa mteja mwingine. Leo naomba msaada wako mimi mwenyewe, na ninaandika nikiwa maktaba ya shule kwa sababu nyumbani nikishika kalamu kila mtu huuliza ninaandika nini. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Sina mazoea ya kuongea. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, huliandika pembeni mwa daftari na kusubiri mtu mwingine aliseme.

Tunaishi mtaa unaoitwa Kongo, hapa Kawangware, mimi, mama yangu, babu na nyanya. Sisi ni Wabukusu, kwa hivyo babu tunamwita Kuka na nyanya tunamwita Kukhu, na nitawaita hivyo hapa, kwa sababu nikiandika "babu" naona kama ninamzungumzia mzee wa watu wengine. Tatizo langu ni hili: Kuka ana ugonjwa wa sukari, na watu wote wanaotujua, kuanzia kanisani hadi Ujerumani, wanaamini mgonjwa ni Kukhu, na mimi ndiye nimekuwa nikiuandika uongo huo kwa miaka minne, na sasa wanasafiri pamoja na ninaogopa kwamba mmoja wao hatarudi.

Ilianza siku Kukhu alipokuwa na kikohozi na Kuka akamsindikiza kliniki, nami nikaenda kwa sababu mimi ndiye huwasomea karatasi. Siku hiyo walikuwa wakimpima sukari kila aliyeingia. Kukhu akapimwa akaambiwa yuko sawa, kisha Kuka akanyoosha kidole kwa mzaha akisema wampime na yeye ili Kukhu asijivune peke yake, na hawakumruhusu kutoka hadi saa tisa. Tulipokuwa tukirudi tulikutana na Mzee Shivachi, rafiki ya Kuka, akauliza ni nani mgonjwa. Kuka akajibu kabla hajafikiri: "Ni huyu mama. Wamempata na sukari."

Kukhu alimwangalia Kuka, akaangalia viatu vyake, akasema ni kweli. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba bahasha ya dawa yenye jina la Kuka.

Nilimuuliza Kukhu baadaye kwa nini alikubali. Alisema, "Hukuona mkono wake ulivyokuwa unatetemeka? Nilidhani ni ya siku moja tu."

Lazima nikueleze kazi ya Kuka, la sivyo utadhani ni mtu mbaya. Zamani alikuwa fundi wa makochi, lakini sasa watu wanamjua kama msemaji. Kijana wa kwetu akitaka kuoa, wazee wake huja kwa Kuka awaongoze kwenda kuongea na upande wa msichana, na Kuka ameongea katika nyumba nyingi, kutoka Kongo hadi Kibera, na hajarudi hata mara moja bila kukubaliwa. Sasa, kazi hiyo huanza na chakula. Wenyeji huleta chai ambayo imechemshwa pamoja na maziwa na sukari, huwezi kuitoa, halafu chapati, halafu wali, halafu soda, na msemaji akisukuma sahani wanajua amekuja na neno baya, au anaogopa kurogwa, na mazungumzo yanafia hapo. Kuka anasema msemaji mwenye sukari ni kama fundi asiye na mikono. Ndiyo maana sukari ikapewa Kukhu, ambaye hakuna anayemngojea aseme kitu.

Tangu siku hiyo Kukhu amekuwa mgonjwa maarufu. Kanisani, wakati wa kuombea wagonjwa, yeye huitwa mbele, na Kuka ndiye humshika mkono kumpeleka, na Kuka huomba kwa machozi ya kweli, na mimi hufikiri labda pale ndipo hujiombea. Wamama wakitutembelea humpa Kukhu chai isiyo na sukari na kipande cha nduma, na Kuka hupewa chai tamu na mandazi matatu. Kukhu anapenda sukari kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwa hivyo kila Alhamisi sisi wawili huenda hadi Laini Saba, kule Kibera, kwa kibanda cha Mama Amondi ambaye hajui habari zetu, na Kukhu hunywa chai ya vijiko vinne na mandazi mawili, amefumba macho. Mwezi wa pili Mama Murunga wa kanisani kwetu alikuwa akipita karibu na reli, akamwona, akaja mbio akamnyang'anya mandazi mkononi na kuwatupia kuku, kisha akamshika Kukhu kichwa akakemea roho ya ulafi mbele ya wateja wote. Jumapili iliyofuata kulikuwa na maombi maalum. Kukhu aliomba msamaha kanisani kwa kula mandazi, na Kuka akasimama akasema anamsamehe.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Nyumbani hatuna friji, kwa hivyo Kukhu huhifadhi insulini ndani ya nyungu yenye mchanga uliolowa, jinsi kliniki walivyotuonyesha. Kuka hujidunga nyuma ya pazia. Siku za kawaida hufuata masharti, lakini siku za kwenda kuongea haendi na sindano, asije akaulizwa, na husema atajidunga mara mbili akirudi ili zilipane. Nimemwambia hazilipani. Anasema mimi ni mtoto wa vitabu.

Sasa nifike kwa shangazi Sella. Yeye ni binti yao wa mwisho, yuko Ujerumani mwaka wa saba, kazi yake ni kutunza wazee, na amefundishwa kudunga sindano za sukari kwa sababu wazee wengi anaowatunza wanazihitaji. Kila Jumapili hupiga simu ya video baada ya kanisa, na anataka kuona kwa macho yake Kukhu akijipima. Kukhu hutoboa kidole, anainua kipimo mbele ya simu, na kipimo husema tano nukta mbili, au tano nukta nne, na shangazi hufurahi sana, anasema wazee wake wote pamoja hawajawahi kufikisha namba nzuri hivyo. Jumapili moja alimwambia Kuka, ambaye alikuwa pembeni akila chapati, "Baba, tazama mwenzako anavyojitunza. Ungekuwa wewe ungeweza?" Na Kuka akajibu kwamba yeye kwa kweli asingeweza. Simu ilipokatika naye akajipima. Ilikuwa kumi na saba.

Shangazi anaolewa na Mjerumani anayeitwa Matthias, na amewatumia tiketi wote wawili wakae huko wiki sita na kukutana na wakwe. Wanaondoka tarehe kumi na nne. Kuka amefurahi hadi anaongea peke yake akioga, kwa sababu ni binti yake mwenyewe, na hii ndiyo nyumba ya mbali zaidi atakayowahi kwenda kuongea. Mimi ndiye niliyejaza fomu za safari. Palipoulizwa kwenye fomu ya bima ni nani ana ugonjwa wa kudumu, Kuka alisimama nyuma ya kiti changu akaweka kidole kwenye jina la Kukhu, nikaandika. Ujumbe wote wa shangazi kuhusu afya ya Kukhu, mimi ndiye huujibu. Uongo ni wao lakini mwandiko ni wangu, Bi Mutheu, na mwandiko wangu ni mzuri, ndiyo maana unaaminika.

Jumapili iliyopita shangazi alisema hivi, nayakumbuka maneno yake yote: "Mama, ukifika hapa hutashika sindano tena. Mimi ndio nitakuwa nakudunga, asubuhi na jioni. Wewe kazi yako ni kukaa tu."

Kukhu alicheka akasema asante. Kuka akaacha kutafuna.

Simu ilipokatika nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba insulini ikiingia kwa mtu asiye na ugonjwa wa sukari inashusha mno sukari ya damu yake, anaweza kuanguka, anaweza hata kufa, nimeisoma kwenye kitabu cha baiolojia na nikaisoma tena ili niwe na hakika. Kuka alipangusa mikono. Kisha akasema Ujerumani ni baridi, watu huvaa sweta nzito, kwa hivyo atamshonea Kukhu sponji ndani ya mkono wa sweta, sponji nzuri ya kochi, na Sella atadunga sponji, na yeye Kuka atajidunga chooni. Hakuwa anatania. Alienda akaitafuta ile sponji. Kukhu alisema haina haja, atadungwa tu kama mtu, amezaa watoto sita, sindano ni nini. Nikamwambia si uchungu wa sindano, ni dawa. Akaniambia, "Wiki sita si maisha, mjukuu wangu." Sasa sponji imeshashonwa, na nyungu imefungwa ndani ya sanduku kati ya blanketi mbili, kwa sababu Kukhu haamini friji ya watu asiowajua.

Kitu kilichonifanya nikuandikie ni cha mwisho. Kliniki wamempa Kuka barua ya kuonyesha uwanja wa ndege, inayosema sindano na dawa ni za nani na ni kiasi gani. Ina jina la Kuka. Kuka anataka niende kwa saiba, duka la kompyuta, niichape upya iwe na jina la Kukhu, na muhuri utolewe kwenye ile ya kwanza. Nimemwambia printa ya saiba haina wino. Nimemwambia hivyo mara tatu. Jana aliniuliza, "Hiyo ni printa gani inakaa bila wino wiki mbili?" Kisha akasema nikimwambia Sella, yeye Kuka atajua ni mimi, kwa sababu katika nyumba hii ni mimi tu ninayeweza kusema kitu kikaeleweka. Kisha akakaa kitandani akaongea kama mtu mwingine. "Nikienda kwa wakwe wa Sella kama mgonjwa, nani atanisikiliza? Watasema msichana hana watu, ameletewa mgonjwa aongee."

Mama yangu siwezi kumwambia. Huuza nguo za watoto Soko la Toi na hurudi amechoka, lakini si hiyo sababu. Yeye ni mke wa mwana wa Kuka, na kwetu mambo ya mwili wa baba mkwe hayaingii mdomoni mwake. Hata kiti cha Kuka hakalii. Nikianza kusema yeye huinuka akaenda kuanua nguo, hata kama hakuna nguo. Na baba yangu yuko Mombasa bandarini, na kwa simu huniambia niwatii wazee.

Nifanye nini? Nikichapa barua hiyo nitakuwa nimemdunga Kukhu mimi mwenyewe. Nikimwambia shangazi nitakuwa nimemvua Kuka nguo mbele ya wakwe. Nikinyamaza, ambacho ndicho ninachokiweza, tarehe kumi na nne itafika. Naomba usiandike jina langu.

Mjukuu, Kongo.

MUTHEU ANAJIBU

Mjukuu mpendwa,

Majina ya watu wako nimeyabadilisha. Ile sponji ilinichekesha hadi mhariri akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikafika kwa maneno ya shangazi yako, nikaacha kucheka. Nimempigia daktari wa kisukari kabla ya kuandika neno lolote, na yeye hakucheka hata kwa sponji.

Kitabu chako cha baiolojia kimesema kweli. Mtu mzima asiye na sukari akidungwa dozi ya mgonjwa asubuhi na jioni, huenda siku moja isiishe kabla hajaanguka. Na Kuka akienda nchi ya watu bila mtu kujua kwamba ni yeye, akazidiwa, watamkimbilia Kukhu. Watampima mzima huku mgonjwa amelala kwenye kochi. Kwa hivyo acha kujiuliza kama ni utovu wa adabu kusema. Mlango huo umefungwa. Lililobaki ni nani aseme, na aseme vipi.

Barua ya kliniki usiiguse. Usiseme habari ya wino tena, umeshadanganya vya kutosha kwa niaba ya watu wengine. Mwambie Kuka kwamba hutaichapa, na kama ulimi utakataa, mwandikie kwenye karatasi na uiweke chini ya kikombe chake. Barua yenye jina la Kuka ndiyo itakayompitisha Kuka na sindano zake. Ikiwa na jina lililobadilishwa na muhuri ulioibwa, wazee wako wote wawili wataishia kwenye chumba kidogo uwanjani, wakiulizwa maswali katika lugha ambayo wewe hutakuwepo kuwasomea.

Sasa nikukaripie kidogo. Unasema uongo ni wao na mwandiko ni wako, unalisema vizuri, na naona limekufariji kulisema vizuri. Halitoshi. Hukuwa na makosa ulipokuwa na miaka kumi na miwili ukiwa umebeba bahasha. Mtoto akiwekewa kidole kwenye fomu na babu yake, ataandika. Lakini leo unajua insulini inafanya nini, na katika nyumba hiyo ni wewe peke yako unayejua. Mtu anayejua hana ruhusa ya kuandika jibu pembeni mwa daftari na kungoja.

Anza na Kukhu, si Kuka. Mwende wawili tu, muwe mbali na masikio ya nyumbani. Usimwambie habari ya uongo, anaujua kuliko wewe. Mwambie kwamba siku ile alipokubali alimwokoa mumewe na aibu, na ilikuwa upendo, na mimi ninayekuandikia nimeuona hadi huku ofisini. Lakini akidungwa na mtoto wake mwenyewe akafa, Sella ataishi na hilo hadi kaburini. Mwanamke aliyezaa watoto sita haogopi sindano, ni kweli. Ataogopa hilo. Akishalielewa, utakuwa na mtu upande wako, na ninavyomsoma Kukhu, akishasema basi, hakuna sponji itakayoshonwa.

Kisha Kuka. Yeye simuonei huruma kama unavyotaka nimuonee. Kushika mkono wa mkeo kumpeleka mbele aombewe ugonjwa wako, halafu umsamehe kwa kula mandazi, ni jambo ambalo nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na sita na sijaletewa. Lakini nimeona pia ule mkono uliokuwa ukitetemeka. Anaogopa. Anadhani mtu mwenye sukari hawezi kula mbele ya wakwe, na hakuna aliyemwambia vingine kwa sababu hakuna aliyejua wa kumwambia. Daktari anasema hivi: mtu wa sukari anakula. Anakula kwa kipimo, anajipima kabla, anajidunga chakula kikiwa tayari mbele yake na si kikiwa bado jikoni, na keki ya wakwe anaweza kuonja kipande kidogo na kumaliza maneno yake. Na kujidunga mara mbili jioni ili zilipane ni jinsi ya kuamka hospitalini, au kutoamka. Kuhusu heshima, mwambie wazi: wazazi wa Matthias hawajui kwetu sahani iliyosukumwa ina maana gani. Mzee anayesema kwa utulivu "mimi chai yangu bila sukari, tafadhali" ni mzee anayejua anachotaka. Msemaji aliyeozesha nusu ya Kawangware atashindwa vipi kupata maneno ya kusema hilo?

Wiki ijayo warudi kliniki wote wawili, Kuka na Kukhu, na wewe ubaki nje ya mlango. Kuka aeleze mwenyewe siku anazoruka sindano, ili dozi yake ipangwe upya kabla ya safari. Aulize atafanyaje siku ya ndege, kwa sababu chakula cha ndegeni huja kwa saa zake na si za Kuka, na saa za Ujerumani ziko nyuma ya zetu. Waombe nakala mbili za barua. Fomu ya bima irudishwe kwa wakala na irekebishwe kabla ya siku ya safari. Wewe ndiye utakayeandika marekebisho, kwa mwandiko uleule mzuri, maana bima iliyonunuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa Kukhu haitalipia ugonjwa wa Kuka.

Dawa isiwekwe kwenye sanduku kubwa. Chini ya ndege baridi inaweza kuigandisha ikaharibika, na masanduku hupotea. Iingie kwenye mikoba ya mkononi, nusu kwa Kuka na nusu kwa Kukhu, pamoja na kipimo, sindano na nakala ya barua kwa kila mmoja, ili mkoba mmoja ukipotea wabaki na mwingine. Hapa ndipo Kukhu ana kazi ya kweli, tofauti na ile aliyopewa barabarani. Ajifunze kuona sukari ya Kuka ikishuka: jasho bila joto, mikono kutetemeka, kuongea vitu visivyoeleweka. Awe na pipi au pakiti ya sharubati mkobani, ampe mara moja, bila kungoja ajadiliane. Kuka avae viatu alivyokwisha kuvizoea, asivae vipya vya safari, na kila jioni Kukhu amtazame nyayo kama kuna kidonda, kwa sababu miguu yenye sukari huumia bila kumwambia mwenyewe. Nyungu ibaki Kongo. Friji ya Sella ni friji kama nyingine, ila dawa isiwekwe kule juu kwenye barafu.

Na kanisani? Hilo lingoje warudi. Usiniulize leo Mama Murunga aambiwe nini. Mambo mawili hayabebwi kwa siku moja, na la Mama Murunga haliui mtu.

Nimalize na Sella, maana ndiye unayemwogopa zaidi. Mpe Kuka nafasi ya kwanza. Ukishaongea na Kukhu leo, Kukhu amwambie Kuka jioni, kwa sauti ya mke, kwamba kwenye simu inayofuata baba ndiye atakayemwambia binti yake. Atasema itakuwa aibu. Itakuwa. Sella atalia, halafu atakasirika, halafu atauliza dozi ni ngapi, kwa sababu ndiyo kazi yake, na huyo mnayemwogopa ndiye anayejua zaidi kumtunza mtu wa sukari kati yenu nyote. Mmemficha mgonjwa asionwe na mtu aliyesomea kumtunza. Likiisha kumuuma, Kuka atakuwa amepata muuguzi wa bure kwa wiki sita.

Lakini wakati wa kujipima ukifika, Kukhu akachukua kile kipimo na Kuka bado anatafuna chapati akitazama ukuta, usingoje. Wewe unakaa karibu na simu, ninajua, kwa sababu wewe ndiye huishika. Igeuze imwonyeshe Kuka. Useme, "Shangazi, mwenye sukari ni Kuka." Ni maneno matano. Huhitaji kueleza zaidi, wala kuomba msamaha, wala kuwa na sauti kubwa. Yafanyie mazoezi njiani ukienda na Kukhu, kwa mdomo, si kwa kalamu.

Gazeti hili limetoka Jumamosi. Simu ni kesho.